Naomba ushauri: nichukue fedha za kangomba (wanaonunua korosho kienyeji kabla ya mavuno, nje ya mnada) sasa au nisubiri mnada wa korosho?

Mama wa Kitangari (mleta uzi), Septemba 2025

Habari zenu ndugu zangu. Mimi ni mjane ninayeishi Newala na ninategemea shamba la mikorosho ambalo, mvua ikiwa nzuri, hunipa takribani tani moja. Msimu uliopita, minada ya Oktoba 2024 ilipopitisha bei ya zaidi ya shilingi 4,000 kwa kilo, nililipa madeni yote nikabakiwa na akiba kidogo, ambayo sasa imekwisha. Sembe inayotoka Songea, mafuta ya kupikia na nauli ya kwenda Masasi vyote vimepanda, ingawa redioni wanasema mfumuko wa bei nchini ni zaidi kidogo ya asilimia 3 tu. Kijana wangu mkubwa alimaliza stashahada ya uhasibu, hajapata kazi, na anataka nimtafutie pikipiki.

Wiki hii amenifuata mtu wa kangomba. Yuko tayari kunipa shilingi 1,700 kwa kilo leo hii, kwa kilo 500 ambazo nitamkabidhi zikishaokotwa. Hoja yake ni kwamba Marekani imewatoza ushuru mkubwa Vietnam na India, ambao ndio wanunuzi wetu, hivyo bei mnadani itaanguka. Je, ushuru wa huko unaweza kweli kufika Newala, au ananitisha tu?

Karani Mstaafu

Pole na majukumu, mama. Huyo mtu amekueleza nusu ya habari, na ni ile nusu inayomfaa yeye.

Ni kweli kwamba Agosti 2025 bidhaa za Vietnam zilianza kutozwa asilimia 20 zikiingia Marekani, na za India zikafikishwa asilimia 50. Ni kweli pia kwamba korosho yetu ghafi kwa sehemu kubwa hubanguliwa katika nchi hizo mbili, na kwamba Marekani ni mteja mkubwa wa Vietnam. Huko nako mambo si mazuri: taarifa ya Agosti ilionyesha ajira mpya 22,000 tu katika nchi nzima, na ukosefu wa ajira ulifika asilimia 4.3. Familia yenye wasiwasi wa kazi hupunguza kwanza vitafunwa, na korosho kwao ni kitafunwa.

Lakini ushuru huo haulipwi na mkulima wa Newala moja kwa moja. Hugawanywa njiani kati ya mlaji, mwagizaji, mbanguaji na, mwishoni kabisa, wewe. Tena viwanda hivyo vina masoko mengine, Ulaya na China, na India yenyewe hula korosho nyingi. Kubwa zaidi ni kwamba sisi huvuna kuanzia Oktoba, wakati Afrika Magharibi ilishamaliza na haitavuna tena hadi karibu Februari. Mwenye kiwanda anayehitaji mali mpya kipindi hicho hana pengi pa kukimbilia.

Sasa tupige hesabu kwa bei mbaya. Tuseme mnada ushuke hadi 2,800 na makato yachukue 300. Utabaki na 2,500 kwa kilo. Kwa kilo 500 hiyo ni 1,250,000, ilhali yeye anakupa 850,000. Tofauti ya shilingi 400,000 ni sawa na kukopa kwa riba ya asilimia 47 kwa miezi miwili au mitatu. Isitoshe, kangomba imepigwa marufuku, kwa hiyo mkizozana hutakuwa na pa kushtaki.

Mwana wa Nachingwea

Nakubaliana na karani kuhusu kangomba, lakini nisingependa mama apewe matumaini yaliyopitiliza. Sisi wa mbaazi tunakumbuka mwaka 2017, India ilipoweka kikomo cha uagizaji na bei ikaporomoka kiasi cha watu kuacha mazao shambani. Uamuzi wa serikali ya mbali unaweza kufika kijijini haraka kuliko lori la pembejeo.

Kuna jambo lingine ambalo halijatajwa, nalo ni shilingi. Dola iliyokaribia shilingi 2,700 mwezi Aprili 2025 ilikuwa imeshuka chini ya 2,500 kufikia Septemba hii. Mnunuzi hufikiri kwa dola: kilo ya dola moja na nusu ilikuwa 4,050, Septemba hii haifiki 3,750, hata kabla hatujagusa habari ya ushuru. Panga matumizi yako kwa bei ya chini kuliko ya mwaka jana.

Mama Lishe Masasi

Dada yangu, hiyo asilimia 3 ni wastani wa vitu vingi, vikiwemo ambavyo mimi na wewe hatununui. Anayetumia sehemu kubwa ya kipato chake kwa chakula na nauli huumia kuliko wastani unavyosema. Kama una hisa VICOBA (kikundi cha kuweka na kukopa), kopa kiasi cha chakula tu hadi malipo ya mnada yaingie.

Boda wa Mkanaledi

Pikipiki isubiri, mama. Vijiwe vimejaa, na mafuta hupangiwa bei mpya kila mwezi na EWURA, mamlaka ya serikali ya nishati na maji, wakati abiria hakubali nauli ibadilike. Kijana akiwa na wenzake waunde kikundi waombe mkopo wa halmashauri, ule unaotengwa katika asilimia 10 ya mapato yake ya ndani; hauna riba, na fungu la vijana ni asilimia 4. Mwenye stashahada ya uhasibu anaweza pia kuulizia vibarua vya ukarani AMCOS (chama cha ushirika cha wakulima) msimu unapofunguliwa.

Mama wa Kitangari

Nawashukuru sana. Fedha za kangomba sitazichukua. VICOBA nina hisa, ila kikundi chetu hukopesha mwisho wa mwezi. Je, niwahi mnada wa kwanza au nikusanye kwanza mzigo wote?

Karani Mstaafu

Peleka kwa awamu, mama. Usiweke tani nzima kwenye bei ya siku moja. Anika vizuri, tenga mbovu kabla ya kufika ghalani ili zisikushushe daraja, na chukua stakabadhi kila unapopima. Wiki hii nenda AMCOS uhakikishe jina lako kwenye daftari linafanana herufi kwa herufi na la akaunti ya benki, kwa sababu malipo mengi hukwama hapo.