Nani agharimie utafiti huru wa thamani ya ardhi na kodi yake?

Mthamini wa Ubungo aliuliza:

Salaam, wanajamvi. Sisi ni kikundi kidogo cha wathamini na wachumi, na tunataka kuchunguza jambo moja tu: iwapo viwanja vya Dar es Salaam vingetozwa kodi kwa kufuata thamani ya ardhi yenyewe, nani angelipa zaidi kuliko sasa na nani angepata nafuu. Kwa utaratibu uliopo, kodi ya pango la ardhi hukokotolewa kwa viwango vya mita ya mraba vinavyopangwa na serikali, ilhali kodi ya majengo, tangu mwaka 2021, hukatwa kupitia LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla, kwa kiwango maalumu, kiasi kwamba nyumba isiyo ya ghorofa iliyoko Masaki, mtaa wa wenye nacho, hulipa sawa na ya Mbagala, wanakoishi wengi wa kipato cha chini.

Tunakwama kwenye fedha. Halmashauri moja iko tayari kutugharimia, ila kwa sharti la kuisoma na kuiidhinisha ripoti kabla haijatoka. Kampuni moja inayouza viwanja nayo imejitokeza, tena bila sharti lolote la maandishi, na hilo ndilo linalonitia wasiwasi zaidi. Je, ni nani hufadhili utafiti wa namna hii bila kutaka kuuelekeza, na mkataba useme nini?

Msomi wa Kodi alijibu:

Ndugu mleta mada, mfadhili asiye na msimamo katika suala hili ni nadra kumpata, kwa sababu hata waanzilishi wa ufadhili huu walikuwa na msimamo na hawakuuficha. Robert Schalkenbach Foundation ya New York ilianzishwa mwaka 1925 ili kueneza mawazo ya Henry George, mwanauchumi wa Marekani aliyeshikilia kwamba ongezeko la thamani ya ardhi huletwa na jamii nzima na kwa hiyo ndilo lifaalo kutozwa kodi. Lincoln Institute of Land Policy, iliyoanza mwaka 1974 huko Cambridge, Massachusetts, chimbuko lake ni fedha za John C. Lincoln, mwenye viwanda aliyevutiwa na mawazo hayohayo. Leo taasisi hiyo inashughulikia mambo mapana zaidi, na imeshirikiana na African Tax Institute ya Chuo Kikuu cha Pretoria katika utafiti wa kodi za ardhi na majengo barani Afrika.

Binafsi namwamini zaidi mfadhili ambaye kila msomaji anajua anaegemea wapi kuliko yule anayejiita hana upande. Hata hivyo, mwenye msimamo huvutiwa zaidi na swali la namna ya kuitekeleza kodi ya ardhi kuliko swali la kama inafaa kutekelezwa. Swali lenu la nani ataumia linaweza kuvutwa upande wowote, kwa hiyo liandikeni wazi katika ukurasa wa kwanza wa andiko la mradi.

Mthamini wa Nairobi alijibu:

Mnazungumzia fedha kana kwamba ndizo pekee zinazomfunga mtafiti. Huku Nairobi kodi ya kaunti hutozwa juu ya thamani ya ardhi yenyewe bila kuhesabu majengo yaliyo juu yake, yaani kile hasa mnachotaka kukichunguza, lakini kwa takriban miaka 40 ilitegemea daftari la uthamini, yaani orodha rasmi ya thamani za viwanja, la mwanzoni mwa miaka ya 1980. Ripoti kuhusu kasoro hiyo mtu anaweza kuiandika hata kwa fedha zake mwenyewe. Bei za kweli ndizo ngumu kupatikana. Ushuru wa stempu anaolipa mnunuzi ni asilimia 4 ya thamani ya ardhi ya mjini, na tangu mwaka 2023 kodi ya faida ya mtaji, anayolipa muuzaji kwa faida aliyoipata, ni asilimia 15, kwa hiyo muuzaji na mnunuzi wote wawili wana sababu ya kuandika bei ndogo kuliko waliyopatana.

Mtafiti anayefunguliwa faili za mauziano kwa hisani ya ofisa fulani atamtegemea ofisa huyo hata kama posho yake inatoka Oslo, kwani siku atakapoandika jambo lisilopendeza, faili zitafungwa. Ningewashauri msitie sahihi mkataba wowote wa fedha kabla ya kupata kibali cha maandishi cha kutumia takwimu, chenye muda maalumu na kisichoweza kufutwa kwa sababu ya matokeo. Sehemu kubwa ya bajeti nayo iende kwenye kukusanya bei. Warsha za hotelini zinaweza kusubiri.

Mthamini wa Ubungo:

Ahsante sana, ndugu. Kwa kuwa mauziano mengi ya huku hufanyika katika maeneo yasiyopimwa na kuandikishwa mbele ya serikali ya mtaa, je, bei wanazotangaza madalali zinaweza kuziba pengo?

Mthamini wa Nairobi:

Zinasaidia kulinganisha mtaa na mtaa, basi. Bei ya tangazo ni ya kuanzia mazungumzo. Hati za serikali ya mtaa zitawafaa zaidi.

Mwanasheria wa Dodoma alijibu:

Nina nyongeza mbili. International Centre for Tax and Development, iliyoanzishwa mwaka 2010 kwa fedha zikiwemo za serikali ya Uingereza, ililisaidia jiji la Freetown kuthamini majengo kwa pointi, kwa kutazama sifa zinazoonekana kwa nje, pale ambapo bei za soko hazipatikani kwa urahisi. Njia hiyo ni nafuu, ila hupima jengo zaidi kuliko ardhi. Mkipewa fedha kwa sharti la kuitumia, swali lenu litakuwa limebadilishwa kimyakimya.

Katika mkataba, haki ya kuchapisha ibaki kwenu, na mfadhili apewe siku maalumu za kutoa maoni lakini asipewe kura ya turufu. Mpango wa uchambuzi uwekwe hadharani kabla takwimu hazijafunguliwa. Someni pia Sheria ya Takwimu ya mwaka 2015 pamoja na marekebisho yake ya 2018, yaliyobana uchapishaji wa takwimu zinazopingana na za serikali, na ya 2019, yaliyoulegeza. Halmashauri inaweza kukubali ikielezwa kwamba maoni yake yatachapishwa kama kiambatisho, lakini kampuni ya viwanja ningeiandikia barua ya kukataa wiki hii, kabla jina lake halijaingia kwenye andiko lenu.