Mrejesho: Mdogo wangu wa mwaka wa kwanza aliyetaka kuacha chuo

Wakuu, niliomba ushauri hapa kuhusu mdogo wangu aliyeanza chuo Dodoma: hosteli kakosa, bumu (pesa ya kujikimu ya mkopo wa chuo) halijatoka, kila akipiga simu analia anataka kurudi Tukuyu. Asanteni sana. Uliyesema nimtafutie mwanafunzi wa mwaka wa pili wa kozi ileile, Mungu akubariki. Dada niliyempata kambeba chumbani kwake, wanalala kitanda kimoja, na jioni wanapitia pamoja mitihani ya miaka iliyopita. Kumbe kilichomtisha zaidi ni kudisko, yaani kuondolewa chuo kwa kufeli! Darasani alikuwa anahangaika kunakili kila neno la mhadhiri. Sasa anasikiliza kwanza, anaandika hoja. Bumu nalo limetoka, kasaini. Jumapili nilimpigia, akaniomba nikate, anawahi mazoezi ya kwaya.