Mrejesho: daraja la waenda kwa miguu kwenye mto wa matambiko

Wakuu, nimerudi. Niliwauliza tufanyeje, maana mchoro wa kwanza uliweka nguzo katikati ya mto, palepale wazee wanapofanyia tambiko. Mkanishauri nikawasikilize wazee kwanza. Asanteni sana.

Tulikaa nao ukingoni. Mzee mmoja alichomeka fimbo kwenye tope akasema, "Mafuriko makubwa yalifika hapa." Alama ile ilitufaa kuliko ramani zote, minara yote miwili ya kushikilia daraja tumeisimamisha nyuma yake. Daraja sasa linaning'inia kwa kamba za chuma, hakuna nguzo majini, wala mkondo hauna msingi wa kuchimbua.

Kilichotusumbua hasa ni kuyumba. Mtu hupiga karibu hatua 2 kwa sekunde, na kila mguu husukuma kidogo kando. Daraja jepesi likiitikia mdundo huo, linacheza. Hata Millennium Bridge, daraja la waenda kwa miguu la London, lilifunguliwa Juni 2000, likafungwa baada ya siku 2 kwa sababu hiyohiyo. Tumeongeza kamba za kulivuta kutoka pande zote mbili, limetulia.

Bado wavu wa pembeni kwa ajili ya watoto. Hatufungui mpaka ukamilike.