Nywila ya PostgreSQL kujibadilisha yenyewe: programu inakataliwa baada ya nusu saa

seva_usiku: Wakuu, skripti yetu ya cron (kipanga-ratiba cha Linux) hubadilisha nywila ya hifadhidata yetu ya PostgreSQL kila siku 30: inatoa ALTER ROLE (amri ya kubadilisha mtumiaji), kisha inaandika nywila mpya kwenye Secret ya Kubernetes (hifadhi ya siri za programu). Mwanzoni shwari, halafu baada ya karibu nusu saa programu ya Java inaanza kutema "password authentication failed". Kwa nini isikataliwe papo hapo?

bomba_data: PostgreSQL hukagua nywila wakati wa kufungua muunganisho tu, uliokwisha kufunguliwa hauguswi. HikariCP, maktaba ya Java inayotunza miunganisho ya hifadhidata, huistaafisha kwa maxLifetime (umri wa juu wa muunganisho), na usipoigusa ni dakika 30. Hapo inafungua mipya kwa nywila iliyosomwa programu ilipowashwa.

Secret mkiipitisha kwa vigezo vya mazingira, podi (kontena za programu ndani ya Kubernetes) haioni mabadiliko hadi iwashwe upya. Iwekeni kama faili (bila subPath, yaani kupachika faili moja tu, maana hiyo haisasishwi kabisa), programu iisome tena na kuita setUsername na setPassword za HikariConfigMXBean (kiolesura cha kubadilisha mipangilio ya HikariCP programu ikiendelea).

mkoba_wa_funguo: Hiyo ni nusu ya dawa. Linabaki pengo kati ya ALTER ROLE na programu kusoma faili. MySQL, hifadhidata nyingine, tangu toleo 8.0.14 ina RETAIN CURRENT PASSWORD, ya zamani na mpya zote zinakubalika hadi utoe DISCARD OLD PASSWORD. PostgreSQL haina kitu hicho, kwa hiyo weka watumiaji wawili wa kupokezana:

```
CREATE ROLE duka NOLOGIN;
CREATE ROLE duka_a LOGIN IN ROLE duka;
CREATE ROLE duka_b LOGIN IN ROLE duka;
ALTER ROLE duka_a SET role TO duka;
ALTER ROLE duka_b SET role TO duka;
```

Usiruke mistari miwili ya mwisho. Bila hiyo, jedwali atakaloliunda duka_a ni mali yake, na duka_b ataambulia "permission denied". Zamu ikifika, badilisha nywila ya aliyepumzika, jaribu kuingia nayo, ndipo uandike jina na nywila kwenye Secret. Jaribio likifeli skripti isimame hapo hapo. Aliye zamu bado anafanya kazi.

seva_usiku: Jaribio nalifanya kwa psql ndani ya kontena ya hifadhidata, sawa?

bomba_data: Hapana mkuu. Imeji rasmi ya Docker huweka trust (kuingia bila kukaguliwa nywila) kwenye pg_hba.conf, faili ya kanuni za kuingia, kwa soketi ya ndani na 127.0.0.1, kwa hiyo hata nywila ya uongo itapita. Jaribu kutoka podi nyingine. Halafu angalia log_statement (mpangilio wa amri zipi ziandikwe kwenye logi): ikiwa ddl, ALTER ROLE inaacha nywila wazi kwenye logi. Skripti itume hashi ya SCRAM-SHA-256 (nywila iliyofumbwa) iliyokwisha kokotolewa, kama \password ya psql inavyofanya.