1HZ imetoka kupimwa pampu na nozo, haiwaki: tutoe upepo, tuvute au tupulize etha?

MkulimaMakambako
Wakuu, habari za jioni. Mkonga wangu (Land Cruiser) wenye injini ya dizeli ya Toyota ya 1HZ ulikuwa unatoa moshi mweusi na kunywa dizeli kupita kiasi. Pampu ya dizeli na nozo zote 6 (zile zinazonyunyizia dizeli kwenye silinda) zikapelekwa kupimwa, fundi akazifunga jana. Tangu hapo hauwaki. Betri zote mbili nzima, stata inapiga vizuri, ila injini haishiki.

Ushauri niliopewa ni wa aina tatu. Fundi anasema tulegeze nati za nozo tutoe upepo ulioingia kwenye mirija ya dizeli. Jirani mwenye Canter anataka auvute mpaka uwake. Kijana wa duka la spea kaleta kopo la etha, ile dawa ya kupuliza ya kuwashia injini, anasema puliza kidogo tu kwenye bomba la kuingizia hewa. Gari hili ndilo linabeba viazi vyangu na Ijumaa nina mzigo. Aliyewahi kufanya haya yote anilinganishie: ipi ianze, ipi nisiiguse?

fundi_nozo
Pole mkuu. Kabla ya kuchagua, simama nyuma ya eksozi mtu mwingine akipiga stata. Ukiona moshi mweupe, dizeli inafika kwenye silinda lakini haiungui, kwa hiyo unatafuta plagi za hita (zinazopasha silinda joto kabla ya kuwasha), taimingi au kompresheni. Usipoona moshi kabisa, dizeli haifiki. Hapo kuvuta na etha havikusaidii chochote, maana hata ikishtuka itazima tena.

Kwangu kutoa upepo kunaanza. Piga pampu ya mkono pale kwenye filta mpaka iwe ngumu. Kisha legeza nati za nozo kwa spana namba 17, zungusha nusu tu, mtu apige stata sekunde 10, mpumzishe stata dakika nzima, rudieni. Mwanzo litatoka povu, baadaye dizeli safi inayoruka kwa mapigo. Kaza moja moja. Mara nyingi ikishapata silinda 3 au 4 inaanza kukohoa yenyewe. Na usiweke kidole mbele ya dizeli inayotoka kwa presha, inatoboa ngozi na kuingia mwilini. Ikitokea, kimbia hospitali hata kama kitundu ni kidogo.

TinguTingu
Mimi natetea kuvuta. Nimevuta 1HZ zaidi ya mara moja baada ya pampu kufunguliwa, gia ya tatu, mwendo mdogo, zikawaka. Stata ina kikomo, ukiing'ang'ania inaungua na unanunua nyingine.

fundi_nozo
@TinguTingu zilizowaka zilikuwa na upepo kidogo, na kuvuta kulifanya kazi ya stata. Shida ni kwamba kwa 1HZ mkanda wa taimingi ndio unaozungusha pampu. Kutoa pampu maana yake mkanda umeguswa. Kama fundi amekosea meno, ukivuta valvu zinaweza kugonga pistoni, na kazi ya siku moja inageuka kuwa ya kufungua silinda hedi. Kuvuta kuje baada ya kuhakikisha alama za mkanda, sio kabla. Mwenye gia ya otomatiki asifikirie kabisa njia hiyo.

MakanikaMsa
Niko Mombasa. Etha mimi nakataa kabisa kwa injini yenye plagi za hita. Plagi ikiwa nyekundu, ile gesi inalipuka pistoni ikiwa bado inapanda. Nimeona pistoni ya pikapu yenye injini ya Toyota 2L ringi zimevunjika vipande vitatu, na mwenyewe anasema alipuliza kidogo tu.

Kabla ya yote, fungua swichi usikilize pampu. Ile soleno ya kukata dizeli lazima ipige "ta!" moja. Kama haipigi, waya haukurudishwa au fyuzi imekatika, na utatoa upepo mpaka asubuhi bila tone kufika kwa nozo.

Na wale wenye injini za komoni reli (dizeli za kisasa zinazoendeshwa na kompyuta) kama 1KD au 2KD wasifuate habari ya kulegeza nati. Presha yake inapita baa 1,000, haichezewi. Kule unapiga pampu ya mkono kwa filta na kuachia stata ifanye mengine, na injekta nyingi zina namba zake za kuingizwa kwa kompyuta.

MamaMashine
Naongeza njia ya nne. Mimi nina mashine ya kusaga yenye injini ya dizeli ya silinda moja. Ikinisumbua baada ya kufunguliwa, naitundikia kidumu cha lita 5 cha dizeli safi juu ya injini, na mpira unaingia moja kwa moja kwenye pampu. Ikiwaka, ubovu uko kwenye tenki, filta au mpira unaonyonya hewa. Isipowaka, naacha kuhangaika na tenki. Kwa gari lako naona ingekuokolea muda.

MkulimaMakambako
Asanteni sana. Leo tumeshinda nayo kutwa nzima. Moshi: hakuna. Soleno: inapiga. Alama za mkanda fundi amefungua kifuniko mbele yangu, ziko sawa. Tumelegeza nati zote 6, kinachotoka ni matone na povu, hakiruki. Tumetundika kidumu cha MamaMashine kwenye boneti, hali ileile. Kumbe tenki haina kosa. Pampu imekufa? Aliyeipima anadai iliruka vizuri kwenye mashine yake.

fundi_nozo
Usinunue pampu! Angalia zile bolti mbili za tundu kwenye pampu, ya dizeli inayoingia na ya inayorudi tenki. Kwa nje zinafanana. Ya kurudi imeandikwa OUT kichwani na tundu lake ni dogo sana, maana ndilo linalobakiza presha ndani ya pampu. Zikibadilishana, pampu inanyonya kupitia tundu la sindano huku inamwaga kwa tundu kubwa. Ndiyo maana hata kidumu hakikusaidia.

MkulimaMakambako
Wakuu, IMEWAKA. Nilifuta kichwa cha bolti ya kuingilia kwa kitambaa, herufi zikatokea: OUT. Nikaishika kuelekea jua, tundu lake ni kama ncha ya pini. Tumezibadilisha na kuweka washa mpya za shaba pande zote mbili za kila bolti. Pampu ya mkono ikawa ngumu kwa mara kumi tu. Stata ya kwanza dizeli ikaruka kwenye nati ya kwanza na ya nne, tukakaza, stata ya tatu ikashika silinda tatu, ikatetemeka vibaya na moshi mweupe mwingi, kisha moja baada ya nyingine zikaingia. Sasa inanguruma dakika ya arobaini, hakuna panapovuja. Kopo la etha nimelirudisha dukani.

MamaMashine
Hongera baba. Kesho asubuhi ikiwa imepoa kabisa, iwashe tena kabla ya kupakia viazi. Kama mpira unanyonya hewa kidogo, itagoma hapo na sio njiani.

MkulimaMakambako
Saa 12 asubuhi, baridi kali, hita zikawaka, stata moja tu. Nakwenda kupakia.