Je, mwezi mpevu wa Juni huwaamsha nyuki?

Mkazi wa Reading aliuliza:
Waungwana, salamu. Naishi kusini mwa Uingereza, na nyuma ya nyumba nina kibustani cha lavenda. Majuzi, karibu na ile siku ndefu kuliko zote ya mwezi wa Juni, sikurudi kulala baada ya swala ya alfajiri, na jua lilipochomoza mnamo saa 10:45 niliwakuta nyuki wanene wenye manyoya wamekwisha kuzama mauani, huku mwezi mpevu, wa manjano kama kiini cha yai, ukiwa juu tu ya paa la jirani. Jirani huyo, mzee wa Kiingereza, anashikilia kwamba mwezi huo ndio unaowaamsha nyuki na kuijaza mizinga asali. Je, kuna ukweli wowote?

Mrina Asali alijibu:
Ndugu yangu, hao wanene si nyuki wa mzingani. Huishi katika makundi madogo, mara nyingi kwenye mashimo yaliyohamwa na panya, na hutetemesha misuli ya mbawa mpaka miili ipate joto, ndiyo maana huweza kuruka katika baridi ya alfajiri ambayo nyuki wa asali bado wanaihofia. Kinachowatoa ni mwanga na njaa. Kuhusu mizinga kujaa, mzee ameteleza: hapa Juni mara nyingi ni mwezi wa ukata, kwani maua ya mwanzo wa mwaka yamepukutika nayo ya miti ya tilia hayajafunguka. Mimi hunyanyua mzinga kidogo kwa nyuma, kwa mkono mmoja, na ukiinuka kirahisi najua kwamba masega ni matupu.

Mwanafalaki alijibu:
Mwezi mpevu hukabiliana na jua, kwa hiyo jua likichomoza kaskazini-mashariki, wenyewe hutua kusini-magharibi karibu saa ile ile. Anayewatazama nyuki alfajiri hiyo hawezi kuukosa, na nadhani hapo ndipo simulizi ilipozaliwa. Isitoshe, jua la Juni hupita juu mchana na mwezi mpevu hupita chini usiku, nuru yake ikipenya hewa nyingi zaidi. Umanjano uliouona umetoka huko. Mwaka 2016 mwezi mpevu na siku ndefu viliangukia tarehe moja, Juni 20, jambo lisilotokea mara kwa mara.

Bibi wa Mombasa alijibu:
Niongeze kwamba Waingereza huliita fungate kwa jina lililounganisha asali na mwezi, na maelezo ya karne ya 16 yalikuwa na kejeli: mapenzi ya maarusi ni matamu kama asali, kisha hupungua kama mwezi. Nyuki hawamo. Sisi tuliikatia fungate siku saba, labda kwa tahadhari.

Mkazi wa Reading alijibu:
Nashukuru. Wiki mbili baadaye, mwezi ukiwa gizani, nilitoka tena alfajiri. Niliwahesabu wanne kwenye lavenda, mmoja wao akiwa na umande mgongoni.