Ndugu zangu walibofya matangazo kwenye tovuti yangu ili kunisaidia, sasa yamewekewa kikomo: nifanyeje akaunti isifungwe?

MfugajiNjombe aliuliza:

Ndugu wanajukwaa, habari za kazi. Ninaendesha tovuti ndogo ya ufugaji wa kuku wa kienyeji, ambayo nimeijenga mwenyewe kwa miaka miwili, nikiandika usiku baada ya kufunga banda. Makala inayosomwa zaidi ni ile ya chanjo ya kideri, ugonjwa wa kuku, kwa tone la jicho, ambayo wafugaji hutumiana sana kwenye makundi ya WhatsApp. Miezi miwili iliyopita nilikubaliwa kuweka matangazo ya mtandao mmoja wa matangazo, na kwa wiki sita za mwanzo nilikuwa nikipata senti chache kwa siku, jambo ambalo sikulilalamikia kwa kuwa wasomaji wangu bado si wengi.

Kosa lilianzia nyumbani. Niliwaeleza ndugu zangu kwamba tovuti hulipwa pale msomaji anapobofya tangazo, na shemeji yangu, kwa nia njema kabisa, akaandika kwenye kundi la ukoo kwamba kila mmoja aingie na kubofya ili tumwinue kijana wetu. Sikumkataza. Mapato ya jioni ile peke yake yalizidi ya mwezi mzima uliotangulia. Siku ya tatu nikapokea barua pepe inayosema kwamba matangazo kwenye tovuti yangu yamewekewa kikomo kwa sababu ya mashaka juu ya uhalali wa wageni, na tangu hapo nafasi nyingi zinabaki wazi.

Naomba kuelekezwa katika mambo matatu. Kikomo hiki ndiyo hatua ya kwanza ya kufungiwa kabisa? Je, ni busara kufungua akaunti nyingine kwa jina la mke wangu kabla hii haijafungwa? Na kuna mtu wa Telegram anayeniuzia wageni 10,000, akidai kwamba wakiingia bila kubofya chochote, uwiano wa mibofyo utashuka na mtandao utaona hali imerudi kuwa ya kawaida. Je, nimwamini?

FundiSeva alijibu:

Pole sana, Mfugaji. Nianze na hilo la mwisho kwa kuwa ndilo la haraka: usimlipe huyo mtu hata shilingi. Wageni wanaouzwa kwa maelfu mara nyingi ni programu zinazofungua kurasa zenyewe, au ni watu wanaolipwa kufungua kurasa wasizozisoma, na hilo ndilo hasa ambalo mitambo ya mitandao ya matangazo imetengenezwa kulitafuta. Ukiwaingiza sasa, wakati akaunti yako tayari inatazamwa, utakuwa umeweka ushahidi wa pili juu ya ule wa kwanza.

Hukuutaja mtandao wako, wala si lazima uutaje. Nitatumia mfano wa AdSense, mtandao wa matangazo wa Google, kwa sababu kanuni zake zimeandikwa wazi na mitandao mingine mingi inafanana nayo. Huko kuna hatua tatu ambazo watu huzichanganya. Ya kwanza ni kikomo cha kuonyesha matangazo, ambacho kwa kawaida hakifiki siku 30, ingawa kinaweza kurefushwa. Katika kipindi hicho wanakagua wageni wako na akaunti inabaki yako. Ya pili ni kusimamishwa, kwa kawaida kwa siku 30. Ya tatu ni kufungwa moja kwa moja, na mtu aliyefungiwa kwa sababu ya mibofyo isiyo halali huenda asiruhusiwe tena kufungua akaunti nyingine. Kwa maelezo yako uko kwenye hatua ya kwanza, hivyo bado una nafasi ya kurekebisha mambo.

Naomba uelewe kwa nini wanakuwa wakali, kwa sababu ukishaelewa hilo kanuni nyingine zote hazitakushangaza. Fedha unayolipwa haitoki kwenye mtandao wa matangazo. Inatoka kwa mtangazaji, pengine mtu anayeuza mashine ya kutotolea vifaranga, ambaye ameweka kiasi fulani cha fedha kwa siku ili apate wateja. Kila ndugu yako alipobofya, sehemu ya fedha hiyo ilikatwa, na mwenye mashine hakupata mteja hata mmoja. Mtandao ukibaini hivyo, unalazimika kumrudishia mtangazaji fedha yake na kuikata kwenye mapato yako. Wala hawaulizi kama aliyebofya alikuwa na nia njema, kwa maana mtangazaji amepata hasara ileile, awe aliyebofya ni roboti au ni shangazi yako.

Mimi hili linanigusa, kwa sababu sisi tumelelewa katika kuchangiana. Mtu akifungua duka, ndugu huenda kununua hata kile wasichokihitaji, na hakuna ubaya wowote, kwa kuwa wanatoa fedha yao. Kwenye matangazo wanachanga fedha ya mtu wa tatu ambaye hayumo kwenye kikao. Waeleze hivyo kwenye lile kundi la ukoo, tena leo, kwa maneno yako mwenyewe, na umwombe shemeji aufute ule ujumbe. Wakitaka kukusaidia, waisambaze makala ya kideri kwa wafugaji wa kweli. Wageni wanaotoka WhatsApp si kosa hata kidogo, ilimradi wamekuja kusoma na hakuna aliyewaomba wabofye.

Kuhusu jina la mke wako, usifanye hivyo. AdSense humruhusu mlipwaji mmoja kuwa na akaunti moja tu, na akaunti yenye tovuti ileile, anwani ileile ya posta na simu zilezile za nyumbani huonekana kirahisi kuwa ni mwendelezo wa ile ya kwanza. Utajikuta umemharibia na yeye jina lake, wakati hakuwa na kosa lolote.

Mwisho, wewe mwenyewe usibofye tangazo lako kamwe, hata kwa kutaka tu kuona linakopeleka. Kuutazama ukurasa wako si kosa. Kubofya ndilo kosa, na simu za watoto wanaotumia intaneti ya nyumbani kwako zinahesabika vilevile.

BintiPangani alijibu:

Kaka Mfugaji, FundiSeva amekueleza vizuri juu ya wanaobofya kwa makusudi. Mimi naomba niongeze habari ya wanaobofya bila kukusudia, kwa sababu mimi nilikaribia kufungiwa bila ndugu yangu yeyote kuhusika.

Tovuti yangu ni ya mitihani iliyopita. Kila ukurasa ulikuwa na kitufe cha kijani kilichoandikwa "Pakua", na chini yake, kwa umbali usiozidi upana wa kidole, kulikuwa na tangazo ambalo mara nyingi nalo lilikuja na kitufe cha kijani. Kwenye kompyuta yangu yote yalionekana yamepangika. Nilipopata onyo, niliazima simu ya mdogo wangu, simu ndogo yenye kioo kilichopasuka pembeni, nikafungua ukurasa kwa bando la kawaida, na hapo ndipo nilipoliona tatizo kwa macho yangu: maandishi yalitangulia, kitufe changu kikatokea, na nilipokuwa nashusha kidole nikibonyeze, tangazo likawahi kufunguka juu yake na kukisukuma chini. Kidole kikaangukia kwenye tangazo. Fikiria mwanafunzi wa kidato cha nne anayefanya hivyo mara tatu usiku mmoja akitafuta mtihani wa hesabu.

Nilichofanya ni kulitengea tangazo nafasi yenye kimo maalumu tangu ukurasa unapoanza kufunguka, ili lisisukume kitu lichelewapo, kisha nikaweka aya nzima ya maelezo kati yake na kitufe. Pia niliondoa maneno "Viungo muhimu" niliyokuwa nimeyaandika juu ya tangazo. Kichwa cha tangazo kinapaswa kumwambia msomaji waziwazi kwamba hili ni tangazo, na ukiandika neno linalomfanya adhani ni sehemu ya somo lako, umemdanganya, na hilo peke yake ni ukiukaji. Vivyo hivyo maneno kama "tuunge mkono kwa kubofya hapa chini", au mshale unaoelekeza kwenye tangazo.

Angalia pia wingi wa matangazo. Kwenye simu, viwango vya Coalition for Better Ads, umoja wa kampuni za matangazo na mtandao, vinahesabu kuwa ni kero pale jumla ya kimo cha matangazo inapozidi asilimia 30 ya kimo cha sehemu ya maudhui. Humo pia yamo matangazo yanayoruka mbele ya ukurasa, video zinazojicheza zenyewe kwa sauti, na picha zinazomweka-mweka. Tangu tarehe 9 Julai 2019 kivinjari cha Chrome kinatumia viwango hivyo duniani kote, na tovuti inayoendelea kuvikiuka baada ya kuonywa inaweza kuzuiliwa matangazo yake yote, hata yale yasiyo na kosa. Makala ya kideri ikiwa na aya tano na matangazo manne, ipunguze.

MkulimaNakuru alijibu:

Ndugu, kwa kuwa mapato yamepungua, bila shaka utaanza kupokea barua pepe za watu wanaotaka kukulipa uweke kiungo cha tovuti yao ndani ya makala zako za zamani. Mimi nilipokea fedha ya namna hiyo kutoka kwa kampuni ya kamari, nikaweka viungo vinne katikati ya makala za mahindi, bila kumwambia msomaji kwamba vimelipiwa. Baada ya muda nikakuta taarifa ya adhabu kwenye Search Console, chombo cha Google cha wenye tovuti, na makala zangu zikaporomoka kwenye matokeo ya utafutaji. Tangazo la kiungo halikatazwi. Kinachokatazwa ni kuliuza ili kuinua nafasi ya mnunuzi kwenye utafutaji. Kiungo kilicholipiwa kiwekewe, ndani ya msimbo wa ukurasa, alama ya rel="sponsored", inayoiambia Google kwamba kimelipiwa na ambayo Google iliileta mwaka 2019, au ile ya zamani ya nofollow, na msomaji aelezwe. Niliviondoa vyote vinne, nikaandika ombi la kuangaliwa upya, na adhabu ikaondolewa, lakini wasomaji hawakurudi kwa siku moja. Tena kamari ina masharti yake kwenye mitandao mingi ya matangazo, hivyo usiichanganye na makala za kuku.

MfugajiNjombe alijibu:

Nawashukuru sana, kaka zangu na dada yangu. Nimeandika kwenye kundi la ukoo, na shemeji amenipigia simu kuomba radhi, ingawa nilimwambia kosa ni langu kwa kunyamaza. Yule wa Telegram sijamjibu. Nimefungua kumbukumbu za seva za jioni ile, yaani orodha ya vifaa vilivyofungua kurasa zangu, nami nimeona simu tatu zilizofungua ukurasa uleule zaidi ya mara 20 kila moja kati ya saa mbili na saa tatu usiku, wakati msomaji wa kawaida hufungua kurasa mbili akaondoka. Naona aibu kuyatazama, lakini yapo. Je, niwaandikie mtandao wa matangazo na kukiri, au kukiri ndiko kutanifungia? Na nina wasomaji kadhaa walioko Uingereza na Ujerumani. Kuna jambo la ziada kwa ajili yao?

FundiSeva alijibu:

Waandikie. Wameshaiona ile jioni kabla yako, kwa hiyo hutawafichulia jambo jipya, ila utawaonyesha kwamba umejua chanzo na umekiziba. AdSense ina fomu maalumu ya kutoa taarifa ya mibofyo inayotiliwa shaka, na mitandao mingine huwa na anwani ya namna hiyo. Huenda usijibiwe, na kutojibiwa si ishara mbaya. Andika kwa ufupi: tarehe na saa, anwani za IP (namba za utambulisho kwenye intaneti) za zile simu tatu, kwamba ni jamaa zako waliodhani wanakusaidia, kwamba ujumbe umefutwa, na kwamba huombi kulipwa mapato ya jioni ile. Usiandike kwamba hujui kilichotokea. Barua za rufaa zinazokana kila kitu, wakati kumbukumbu zinasema vingine, ndizo zinazomharibia mtu, na akaunti ikifungwa kweli, rufaa yako ya kwanza ndiyo yenye uzito, kwa hiyo lazima ikubaliane na unachokiandika sasa.

Kwa wasomaji wa Uingereza na Umoja wa Ulaya, tangu tarehe 16 Januari 2024 Google inataka tovuti zinazotumia AdSense ziwe na dirisha la kuomba ridhaa lililothibitishwa nao, ambalo msomaji hukubali au hukataa taarifa zake kutumika kumchagulia matangazo. Ukiwa na akaunti ya AdSense, dirisha hilo linapatikana humo humo bila malipo. Kwa mtandao mwingine, waulize wanakubali lipi.

Kikomo kikiwa bado kipo, usibadilishe mambo mengi kwa pamoja. Tumia siku hizi kupakua kumbukumbu za seva za mwezi mzima na kuzihifadhi kwenye kompyuta yako, kwa sababu kampuni nyingi zinazohifadhi tovuti hufuta kumbukumbu za zamani, na ukija kuandika rufaa hutakuwa na cha kuonyesha. Kisha azima simu ndogo kama alivyofanya BintiPangani, na ufungue ule ukurasa wa kideri. Nimeufungua kwa simu yangu hivi punde, na kuna tangazo limebana chini ya picha ya kuku anayewekewa tone jichoni, mahali ambapo kila msomaji atagusa ili kuikuza picha. Hilo lihamishe leo.